Neno moja la "Ijumaa" lilivyoniaibisha: tujadili vielezi, vitenzi na vishazi tegemezi vya Kiingereza

Mzee wa Steshenari (mleta uzi)

Wakuu, habari za baridi. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi hii ukitoa mkono kwenye mfuko wa koti unajuta.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ya wengine tutaijadili baadaye. Nina steshenari ndogo: kuchapa, kutoa kopi, kulamineti, picha za paspoti. Zinazonilisha hasa ni barua za Kiingereza. Zamani zilikuwa za maombi ya kazi na za wafadhili, siku hizi zimeongezeka za wakulima wa parachichi wanaoandikiana na wanunuzi wa nje. Mteja anakuja na karatasi yake ya Kiswahili, mimi nafasiri na kuchapa. Ualimu sikusomea. Nimeishia kidato cha sita, mengine nimejifunzia kwenye kibodi.

Msimu uliopita kikundi kimoja cha Rungwe kililetwa kwangu na mtu anayeniamini. Kwenye karatasi yao palikuwa na sentensi hii: "Ijumaa tulimwambia wakala wenu kwamba tutaanza kuchuma." Mimi nikaandika: "We told your agent that we would start picking on Friday." Nikachapa, nikachukua elfu mbili yangu, nikasahau.

Ijumaa iliyofuata, alfajiri, fuso likapanda Tukuyu na kreti tupu nyuma. Hakuna tunda hata moja lililokuwa limechumwa. Wenzetu walikuwa wamepanga kuanza Jumanne. Ijumaa ilikuwa siku ya kuambia, haikuwa siku ya kuchuma. Fuso likashuka tupu kama lilivyopanda, na ubishi wa nani alipe mafuta ukaanza. Mwenyekiti wa kikundi aliingia dukani kwangu bila salamu, na mnajua watu wa Tukuyu salamu kwao ni jambo zito. Akalaza karatasi mbili kwenye kaunta, ya Kiswahili na ya Kiingereza, akasema: "Soma."

Nilisoma mara tatu ndipo nikaona. Kila neno lilikuwa sahihi. Tahajia sahihi, nyakati sahihi. Nilichokosea ni mahali pa kuiweka Ijumaa.

Elfu mbili nilirudisha siku ileile. Lile fuso sijui mpaka leo waliishia wapi.

Tangu hapo kila barua inayopita mezani kwangu nakiuliza kila kielezi, yaani neno linaloeleza tendo ni la lini, wapi au vipi: wewe ni wa kitenzi kipi? Sentensi ikiwa na kishazi tegemezi (kipande chenye kitenzi chake ambacho hakisimami peke yake), maana yake ina vitenzi viwili au zaidi. Hapo kuna kuambia, halafu kuna kuanza kuchuma. Kielezi ni kama mpangaji na hao ni wenye nyumba wawili. Kiingereza hakimpi mpangaji mkataba wa kuonyesha anakaa kwa nani, msomaji anaangalia tu amelala wapi. Nilipomlaza mwisho kabisa, mlangoni kwa kuchuma, mnunuzi kamhesabu ni wa kuchuma. Nani angemlaumu?

Ilitakiwa iwe "On Friday we told your agent that we would start picking." Au "We told your agent on Friday that we would start picking." Na hapa kuna kitu kilinifurahisha sana nilipokigundua. Kile ka-neno "that", ambacho wengi tunakifuta tukidhani ni pambo, ni uzio. Ukikifuta inakuwa "We told your agent on Friday we would start picking." Tazama: Ijumaa imesimama katikati ya viwanja viwili na uzio umeng'olewa. Inaweza kwenda huku, inaweza kwenda kule. Ukirudisha "that" baada yake, Ijumaa inabaki upande wa kuambia, basi, hakuna fuso litakalopanda.

Ninachoamini ni hiki, na nakiweka hapa mnisahihishe. Tunahangaika kwa sababu Kiswahili kinaingiza ndani ya kitenzi vitu vingi ambavyo Kiingereza kinaviacha nje, vitafute nafasi vyenyewe. Mtu anasema "nimeshakula". Ile "sha" ni "kwisha" iliyokatwakatwa, nimekwisha kula. Huwezi kuiweka pabaya hata ukiwa umelewa, maana imeshonwa kwenye kitenzi. Kiingereza kinakupa "already" mkononi na kukuambia kaipange mwenyewe: "I have already eaten". "Hula" hivyohivyo, kwao ni "usually eats", maneno mawili. "Nitakapofika" ni kishazi tegemezi kizima ndani ya neno moja: nani, lini, na kwamba habari haijaisha, kuna kitenzi kingine kinakuja. Kwao unahitaji "when", unahitaji "I", unahitaji "arrive", kila kimoja na kiti chake.

Karibuni. Matusi sitaki.

---

Kondakta wa Kitonga

Mzee umenikumbusha maumivu. Nilishawahi kuandika maelezo ya ajali kwa Kiingereza, pale Kitonga kwenye kona za juu, lori lilitukwangua ubavuni likakimbia hadi Ruaha Mbuyuni. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Wa bima akataka maelezo kwa Kiingereza. Nilitaka kusema ni dhahiri yule dereva hakukiona kabisa kile kibao cha kupunguza mwendo. Nikaandika: "The driver did not see the sign clearly."

Yule bwana wa bima akaniuliza, kwa hiyo alikiona ila kwa ukungu? Nikasema hapana, hakukiona! Akasema hivi sivyo ulivyoandika. Tukabishana nusu saa, mie nashikilia neno lipo, "clearly" lipo, si hili hapa?

---

Ticha wa Mafinga

Kondakta, pole, lakini huyo bwana alikuwa sahihi. Ulitakiwa uandike "The driver clearly did not see the sign." Kielezi kikikaa kabla ya ukanushi, kinatoa maoni yako juu ya jambo zima: ni wazi kwamba hakukiona. Kikishuka baada ya ukanushi kinaingia chini yake, kinaeleza namna ya kuona, na hiyo namna ndiyo inayokanushwa. Kuna mfano mwingine wanafunzi wangu wanaupenda. "I really don't know" ni kwa kweli sijui, usinisumbue. "I don't really know" ni sijui vizuri, nina fununu tu. Maneno manne yaleyale. Mkuu wa shule akikuuliza nani kavunja dirisha, chagua vizuri.

Sasa Mzee wa Steshenari, shikamoo kwanza. Uzi ni mzuri, nitauchapa niwasomee kidato cha tatu. Lakini kuna mahali umekipendelea Kiswahili. Ungeandika kwa Kiswahili "tulimwambia wakala wenu kwamba tutaanza kuchuma Ijumaa", fuso lingepanda vilevile. Kilichowaokoa wakulima wako kwenye karatasi yao ni kwamba waliitanguliza Ijumaa, hakuna uchawi wa lugha hapo. Nina mwingine: "Wanafunzi wanaosoma mara kwa mara hufaulu." Mara kwa mara wanasoma, au mara kwa mara wanafaulu? Kiingereza kina tatizo hilohilo: "Students who read often pass." Kielezi kimesimama mpakani, mkono mmoja kimeshika kishazi, mwingine kimeshika kitenzi kikuu. Kwa sauti utatua pumzi mahali na mtu ataelewa, kwenye karatasi pumzi haipo. Dawa ni kukihamisha: "Students who often read pass", au "Students who read will often pass", kulingana na unachotaka.

Kwa hiyo kilichoshonwa ndani ya kitenzi kiko salama, hapo tuko pamoja. Kinachotembea huru kinapotea katika lugha zote mbili.

Kwa wanaouliza kielezi kikae wapi kwenye sentensi ya kawaida, mimi hufundisha hivi. Vile vya "always, often, never, already" tafuta kitenzi kisaidizi cha kwanza, kiweke nyuma yake: "She has always been late." Kama hakuna kisaidizi, kiweke kabla ya kitenzi kikuu: "She always comes late." Isipokuwa "be", hiyo inajifanya kisaidizi hata ikiwa peke yake: "She is always late." Halafu usimtenganishe kitenzi na shamirisho yake, yaani kile kinachotendwa. Sisi tunasema "anaongea vizuri sana Kiingereza" bila shida, ndiyo maana kila mwaka nasahihisha "She speaks very well English". Kwao ni "She speaks English very well." Ila shamirisho ikiwa ndefu na imebeba kishazi mgongoni, kielezi kinaruhusiwa kupenya: "She explained patiently the rule that had confused us all week." Hapo ukikipeleka mwisho kitamfuata "confused", na utakuwa umesema tulichanganywa kwa uvumilivu.

---

Mzalendo Halisi

Mnajadili lugha ya mkoloni kwenye jukwaa la Kiswahili. Mchina anafanya biashara dunia nzima na Kiingereza chake kibovu. Endeleeni.

---

Mzee wa Steshenari

Ticha, marahaba mwanangu. Nimekubali kushindwa kwa Ijumaa. Nimeenda kuangalia daftari langu, kweli makosa yote ya siku na saa yangetokea hata kwa Kiswahili.

Mzalendo, mnunuzi wa parachichi akianza kuandika Kinyakyusa nitakuwa wa kwanza kufunga duka.

---

Dada Kihesa

Habari zenu. Mimi nafundisha masomo ya jioni hapa Iringa, wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Mmeongelea vielezi, lakini wanangu wanafia kwenye vishazi tegemezi vyenyewe, na karibu kila kosa lina mama yake kwenye Kiswahili.

La kwanza kwa wingi: "When I will arrive, I will call you." Nilikuwa nagombeza mpaka siku moja binti mmoja akaniuliza, "Madam, lakini si nitakapofika? Si kuna ta humo ndani?" Nikanyamaza. Kweli ipo, ni "taka", na ni ya wakati ujao kabisa. Mtoto hakukosa akili, alifasiri kwa uaminifu kupita kiasi. Kiingereza kinasema kitenzi kikuu kimeshabeba wakati ujao, kishazi cha "when, if, before, until" hakina haja ya kuubeba tena: "When I arrive, I will call you." Sasa nawaambia wafasiri kutoka "nikifika" na si kutoka "nitakapofika". "Ki" haina wakati, na kishazi chao hakina "will". Makosa yamepungua sana.

La pili ndilo linalonichekesha mpaka leo. "He left before I had not arrived." Ukishtuka, jiulize wewe unasemaje kwa Kiswahili: "Aliondoka kabla sijafika." Sijafika! Kikanushi kipo wazi. Kwa mantiki yetu, wakati anaondoka mimi nilikuwa bado, ndiyo maana tunakanusha. Kiingereza hakitaki: "before I arrived". "Unless" ni hivyohivyo, tayari ina "isipo" tumboni, ukiandika "unless you don't come" umekanusha mara mbili.

"Although he was tired, but he continued" sitaielezea, kila mtu kaandika. Ingawa na lakini kwetu wanakaa nyumba moja kwa amani. Kwao mmoja lazima ahame.

La mwisho ni hili la "Alisema anaumwa". Sisi tunaacha "anaumwa" kama alivyosema mwenyewe siku ile. Kiingereza kinavuta kishazi kifuate wakati wa kitenzi kikuu: "He said he was sick." Kijana mmoja akaniambia, "Madam, sasa si itaonekana kapona?" Swali zuri kabisa. Jibu ni kwamba hapo "was" haisemi kapona wala hajapona, imefuata tu nyayo za "said". Kama unataka kusisitiza mpaka sasa yuko kitandani unaweza kuandika "He said he is sick", si kosa.

---

Mnyalukolo

Kamwene wote. Dada, hiyo ya kabla sijafika nimeisoma kwa sauti hapa Mlandege, watu wamegeuka.

Naongeza kidogo kuhusu kiti cha kielezi. Sisi tulichapwa kwa kuandika "to carefully read". Mwalimu alikuwa anasema "to" na "read" ni mume na mke, usiingie katikati. Baadaye chuoni nikaambiwa hiyo si sheria ya lugha, ni makatazo yaliyopata nguvu karne ya 19 kwa baadhi ya waandishi wa sarufi Uingereza, na vitabu vya leo vinakubali. Nikajiuliza, kwani sisi je? "Kutosoma". "Ku" hii hapa, "soma" hii hapa, na "to" ya kukanusha imeketi katikati bila aibu. Hakuna aliyewahi kuchapwa kwa "kutosoma". Kwa kutosoma, ndiyo.

---

Mzee wa Steshenari

Nimecheka peke yangu, mteja ananishangaa.

Dada Kihesa, hilo la "nikifika" nimelibandika ukutani. Na limenifikirisha kitu. Kwenye kitenzi cha Kiswahili chenye hiyo "ki" mwenye tendo hakosekani. Nikitembea, akitembea, tukitembea, mwenye miguu anaonekana. Kiingereza kina kile kishazi cha "walking", ambacho hakijasema ni nani anatembea. Msomaji anamtafuta kwenye kitenzi kikuu. Wiki hii nimechapa barua ya malalamiko ya kijana mmoja, alikuja nayo imeshaandikwa: "While walking to Mafiati, my phone was stolen." Nikamuuliza, simu yako ina miguu? Maana kiima cha kitenzi kikuu ni simu, basi na "walking" imekuwa ya simu. Tukaandika "While I was walking to Mafiati, my phone was stolen." Tumeongeza maneno mawili tu, simu ikakoma kutembea.

Kwa Kiswahili "nikitembea kwenda Mafiati simu yangu iliibiwa" hainifurahishi sana masikioni, lakini hakuna atakayedhani simu ilikuwa kwenye matembezi. "Ni" imezuia.

Ticha, naomba unisaidie jambo moja. Kuna mteja wangu mmoja, mstaafu, anapenda sana kuanza sentensi na "Not until" na "Hardly", nami kila mara najikwaa kitenzi kiende wapi.

---

Ticha wa Mafinga

Mzee, hizo ni tamu lakini zina mtego. Kielezi chenye ukanushi kikitolewa kwenye kiti chake kikapelekwa mbele, kitenzi kisaidizi nacho kinaruka mbele ya kiima, kama vile unauliza swali: "Never have I felt such cold." Kama kisaidizi hakipo, unaazima "do". Sasa mtego uko pale kielezi cha mbele kinapokuwa chenyewe kimebeba kishazi tegemezi. "Not until we reached Makambako did the driver tell us that the brakes were weak." Hapo kuna vitenzi vitatu. Kilichogeuka ni cha kishazi huru tu, "did the driver tell". "We reached" kimebaki wima kwa sababu kiko ndani ya kishazi tegemezi, na "the brakes were" vilevile. Wanafunzi husikia neno la mbele wakageuza kitenzi cha kwanza wanachokutana nacho: "Not until did we reach". Mwambie mstaafu wako apekue kwanza kishazi kinaishia wapi, akishavuka ndipo ageuze.

"Hardly" inakwenda na "when": "Hardly had we left Uyole when the rain started." Sisi tungesema hata Uyole hatujatoka, mvua ikaanza. Angalia, kanushi tena pale ambapo Dada kaionyesha.

Na kuhusu ile "because" inayokuja baada ya kanushi, muwe macho kwenye barua za kazi. "I did not leave my job because I was lazy." Kijana anataka kusema sababu ya kuondoka haikuwa uvivu. Mwajiri anaweza kusoma kwamba hakuondoka, na kilichomfanya asiondoke ni uvivu. Kiswahili nacho kinayumba hapo. Bora aseme "I left my job, but not because I was lazy", au uvivu asiutaje kabisa.

---

Kondakta wa Kitonga

Ndaga fijo kwa darasa. Sasa naombeni msaada wa bure. Tunapata watalii wa Hifadhi ya Ruaha wanapandia Iringa, tukisimama kula wanachelewa kurudi kwenye basi kwa ajili ya kupiga picha. Nimeandika tangazo nibandike mlangoni: "Passengers we will leave you if you will be late quickly."

---

Dada Kihesa

Jamani.

---

Mzee wa Steshenari

Kondakta, "will" ya pili iondoke, ni ile ya Dada. Na "quickly" umeilaza mlangoni kwa "late", mtu atasoma kwamba anachelewa haraka. Andika "If you are late, we will leave without you." Inatosha, na kuchapa nitakuchapia bure.

---

Kondakta wa Kitonga

Na haraka yangu umeitupa wapi? Mimi nataka wajue tunaondoka haraka.

---

Mzee wa Steshenari

Basi "If you are late, we will quickly leave without you." Lakini hapo itaonekana kama mnawakimbia.

---

Kondakta wa Kitonga

Hiyohiyo. Chapa herufi kubwa.